Mjengo wa Umma: Kibarua ni wa Nani, na Nani Amlipe?

Siku ya kwanza ya mradi wowote wa kaunti, uwe soko, zahanati au darasa la chekechea, watu hufika langoni kabla ya mkandarasi mwenyewe. Kuna fundi wa mawe na mfuko wake wa vifaa, vijana wa kubeba simiti, akina mama wa kuchota maji na kupika chakula cha wafanyakazi. Kufikia saa tatu baadhi wameandikwa, na wengine wanarudi nyumbani wakisema kaunti imeleta watu wa nje. Miezi michache baadaye malalamiko hubadilika. Sasa waliopata kazi ndio wanaofika kwenye ofisi ya wadi, wakidai wiki mbili au tatu ambazo hawajalipwa, huku mkandarasi hashiki simu.

Jibu wanalopewa mara nyingi ni kwamba kaunti haikuwaajiri. Kisheria jibu hilo ni sahihi, lakini likiishia hapo halimsaidii aliyebeba kokoto. Wakazi wana haki ya kujua mjengo wa umma unaendeshwa kwa masharti gani ya kazi, nani anabeba mzigo upi, na mlango upi wa kubisha mambo yakiharibika.

Mwenye mradi si mwajiri

Kaunti inapotangaza zabuni na kutia saini mkataba, inakuwa mwenye kazi. Inatoa ardhi, michoro na fedha, na injinia wake hukagua kama msingi umefika kina kilichokubaliwa. Mkandarasi ndiye anayeajiri. Ndiye anayeandika majina kwenye daftari la mahudhurio na ndiye anayepaswa kulipa mwisho wa siku, wiki au mwezi. Nyapara anayeita majina asubuhi anafanya hivyo kwa niaba ya mkandarasi, hata akiwa mtu wa kijiji kile kile.

Jambo la pili huwashangaza wengi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi za ujenzi wa umma wa kaunti, lakini viwango vya leba vimebaki kwa Serikali ya Kitaifa. Maana yake ni kwamba mkaguzi wa leba si afisa wa kaunti. Afisa wa Kazi, ambaye wananchi humwita mtu wa leba, yuko chini ya wizara inayohusika na leba jijini Nairobi, ingawa ofisi yake inaweza kuwa hatua chache kutoka makao makuu ya kaunti. Mwakilishi wadi, msimamizi wa wadi na hata gavana hawawezi kumhukumu mwajiri alipe mshahara. Wanachoweza ni kutumia mkataba, na mkataba una nguvu kuliko wengi wanavyodhani.

Pia si kila mjengo kwenye ardhi ya umma ni wa kaunti. Darasa la chekechea na chuo cha ufundi cha kijiji ni vya kaunti, lakini darasa jipya la shule ya msingi au ya upili huenda limejengwa na hazina ya maeneo bunge au wizara ya elimu. Barabara ya mtaani inaweza kuwa ya kaunti, na ile inayokutana nayo kwenye makutano ikawa ya mamlaka ya barabara za kitaifa. Kabla ya kupanda matatu kwenda kulalamika, soma bango la mradi. Huwa linamtaja mwenye mradi, mkandarasi na mhandisi msimamizi. Ikiwa hakuna bango, hilo lenyewe ni jambo la kuuliza.

Masharti yanatoka wapi

Wazo kwamba pesa za umma zisijenge kwa jasho lisilolipwa halikuanza na ugatuzi. Mwaka 1949 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha Mkataba Namba 94 kuhusu masharti ya leba katika kandarasi za umma. Kenya iliuridhia mwaka 1964, mara tu baada ya uhuru. Mkataba huo unasema mfanyakazi wa kandarasi ya serikali asipewe mshahara, saa za kazi au masharti duni kuliko yale yanayotolewa kwa kazi ya aina hiyo katika eneo hilo. Unawagusa pia wakandarasi wadogo waliopewa sehemu ya kazi. Unataka tangazo la masharti hayo libandikwe mahali pa kazi ambapo wafanyakazi wataliona. Tena unataka serikali iwe na njia za kumbana anayekiuka, ikiwemo kumnyima kandarasi na kuzuia malipo ili wafanyakazi wapate haki yao.

Katiba imebeba roho hiyo hiyo. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, mazingira yanayofaa ya kazi, na uhuru wa kujiunga na chama cha wafanyakazi na kugoma. Kifungu cha 227, kinachohusu ununuzi wa umma, kinataja wazi kwamba sheria inaweza kuweka vikwazo dhidi ya waliokiuka vibaya sheria za ajira. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 ikafuata. Kifungu chake cha 55 kinaeleza nani anastahili kuomba zabuni, na miongoni mwa masharti ni kwamba asiwe na hatia ya ukiukaji mkubwa wa sheria za ajira. Mkandarasi anaweza pia kufungiwa nje ya zabuni zote za umma nchini kwa kosa hilo.

Kwa hiyo malalamiko ya kibarua mmoja, yakiandikwa vizuri na kuthibitishwa, yanaweza kumgharimu mkandarasi zaidi ya deni lenyewe. Shida ni kwamba mengi hubaki maneno ya kibandani. Hayaandikwi, hayapelekwi kwa Afisa wa Kazi, na mkandarasi huyo huyo anarudi mwaka unaofuata akiwa na faili safi.

Kazi ni ya watu wa hapa?

Hili ndilo swali linaloongoza katika mikutano ya kushirikisha umma, na majibu yake huchanganywa sana. Sheria ya 2015 inaitaka kila taasisi ya umma itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake ya ununuzi kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, utaratibu unaojulikana kama AGPO. Sheria hiyo hiyo inazitaka kaunti zihakikishe kwamba angalau asilimia 20 ya ununuzi wake inawaendea wakazi wa kaunti husika.

Lakini asilimia hizo ni za zabuni, si za vibarua. Zinahusu kampuni iliyosajiliwa inayoomba kandarasi ya kujenga choo cha soko, si kijana anayetaka kuchanganya zege. Hazimaanishi kwamba kati ya vibarua kumi lazima wawili au watatu watoke kijijini. Kama sharti la kuajiri wenyeji lipo, litakuwa limeandikwa kwenye nyaraka za zabuni za mradi ule. Likiwa limeandikwa, mkandarasi amefungwa nalo. Lisipokuwepo, kumtaka achukue vijana wa eneo ni ombi, na mara nyingi ni ombi la busara kwa pande zote, kwa kuwa mwenyeji hahitaji nauli wala mahali pa kulala.

Kuna mpaka pia. Katiba, katika kifungu cha 27, na Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 5, zinakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, jinsia, dini au ulemavu. Kupendelea wakazi ni jambo moja, na kumfukuza fundi langoni kwa sababu ya jina lake ni jambo jingine kabisa. Sheria hiyo ya ajira inaagiza pia malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Mama anayebeba ndoo za kokoto ghorofa ya kwanza sawa na kijana aliye mbele yake hatakiwi kulipwa pungufu kwa kuwa ni mwanamke.

Na hakuna ada ya kuandikwa kazi. Nyapara anayedai mia mbili kabla ya kuita jina la mtu, au anayekata kidogo kila jioni, anaomba hongo. Sheria ya Hongo ya 2016 inazigusa kampuni za kibinafsi pia, si maafisa wa serikali peke yao.

Kibarua wa miezi mitano

Hapa ndipo wafanyakazi wengi hupoteza haki zao bila kujua. Kwa Sheria ya Ajira, kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Basi. Anayelipwa kila Jumamosi kwa miezi mitano anaitwa kibarua na nyapara, lakini sheria inamtazama kwa jicho jingine.

Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo kwa jumla zinafika mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitarajiwi kumalizika kabla ya miezi mitatu, ajira yake inahesabiwa kuwa ya kulipwa kwa mwezi. Akifanya kazi mfululizo miezi miwili au zaidi tangu alipoajiriwa kama kibarua, anastahili masharti ambayo angepata kama hangeanza kama kibarua. Hayo ni pamoja na notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa na siku moja ya mapumziko kwa kila siku saba. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi unapaswa kuandikwa, na wa kuuandaa ni mwajiri.

Kazi ya kipande ina hesabu yake. Fundi aliyekubaliana kujenga ukuta kwa futi analipwa kwa kadiri ya alichofanya mwisho wa mwezi, au siku anayomaliza, lolote litakalotangulia. Si lazima asubiri jengo zima lipakwe rangi.

Kuhusu kiwango cha malipo, Serikali ya Kitaifa hutangaza mishahara ya chini kwa amri ya waziri, na sekta ya ujenzi ina amri yake. Amri ya jumla iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 iliongeza viwango kwa asilimia 6, na kumweka mfanyakazi wa kawaida katika majiji kwenye shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Katika miji midogo na mashambani kiwango ni cha chini zaidi. Kiwango cha eneo lako na cha kazi yako kinapatikana katika ofisi ya leba, na ni vyema kukiuliza kabla ya kukubali bei ya nyapara. Fundi ambaye amefanyiwa mtihani wa ufundi na mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, ana karatasi ya kudai malipo ya fundi. Asiye nayo, hata awe na mkono mzuri kiasi gani, huishia kubishana.

Makato nayo yana utaratibu. Mchango wa bima ya afya ya jamii ni asilimia 2.75 ya mshahara. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 nyingine kutoka kwa mwajiri. Kuna pia mchango wa NSSF. Mkandarasi akikata fedha hizo bila kuziwasilisha, mfanyakazi hujua siku ya kulazwa hospitalini. Ni rahisi kukagua mapema kwa simu yako kuliko kugundua ukiwa kwenye dirisha la malipo.

"Kaunti haijanilipa"

Hakuna sentensi inayosikika zaidi ya hii katika miradi iliyokwama. Mkandarasi hulipwa kwa hatua. Injinia wa kaunti anapima kazi iliyofanyika, anatia saini cheti, na malipo yanapitia hazina ya kaunti. Cheti kinaonyesha mita za ukuta na tani za mchanga. Hakina mstari wa mshahara wa fulani.

Ni kweli kwamba malipo ya kaunti huchelewa, na madeni ya wakandarasi ambayo hayajalipwa ni tatizo katika kaunti nyingi. Kwa hilo mkandarasi ana haki yake, kwa kuwa sheria ya ununuzi inamruhusu kudai riba kwa malipo yaliyocheleweshwa. Lakini ugomvi huo ni wake na kaunti. Sheria ya Ajira haisemi mfanyakazi alipwe kaunti ikishalipa. Inasema alipwe kazi inapofika mwisho wa siku, wa kipindi au wa mwezi, kulingana na makubaliano yao. Anayeomba zabuni anatarajiwa kuwa na mtaji wa kuendesha kazi, na ndiyo maana hukaguliwa uwezo wa kifedha kabla ya kupewa.

Wengine huuliza kuhusu dhamana ya utekelezaji, ile ambayo mkandarasi huweka kabla ya kutia saini na ambayo haizidi asilimia 10 ya thamani ya kandarasi. Dhamana hiyo inailinda kaunti asipomaliza kazi. Haikuwekwa kwa ajili ya mishahara, na si sahihi kuwaahidi vibarua kwamba watalipwa kutoka humo. Kama kaunti inaweza kuzuia sehemu ya malipo hadi wafanyakazi walipwe, hilo linategemea kama sharti hilo liliandikwa kwenye mkataba wa mradi. Ndiyo maana swali la leba linafaa kuulizwa wakati wa kupanga bajeti na kuandaa zabuni, katika vikao vya umma, wala si siku ya uzinduzi. Sharti lisiloandikwa wakati huo haliwezi kubuniwa baadaye.

Mkandarasi mdogo ni mtego mwingine. Kampuni iliyoshinda humpa mtu mwingine kazi ya paa, naye humpa mwingine wa kutoa leba, na pesa zikiisha kila mmoja humwonyesha kidole mwenzake. Iandikie kampuni iliyo kwenye bango la mradi, kwa sababu ndiyo yenye mkataba na kaunti, na utaje jina la aliyekuchukua kazini.

Ukianguka kutoka jukwaani

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kofia ngumu, gambuti na glavu si vitu vya kununuliwa na kibarua, wala kukatwa kwenye malipo yake. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama. Mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mjengo si mahali pa kumpeleka akatafute karo ya likizo.

Ajali ikitokea, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, maarufu kama WIBA, ndiyo inayotumika. Uzuri wake ni kwamba majeruhi hahitaji kuthibitisha kosa la mkandarasi. Inatosha kwamba aliumia akiwa kazini, ilimradi hakujiumiza makusudi. Mwajiri analazimika kuwa na bima ya wafanyakazi, na anayelipwa ujira kwa siku hajaachwa nje.

Mwambie nyapara au mkandarasi mara moja, kwa mdomo au kwa maandishi, mbele ya shahidi ikiwezekana. Mwajiri ana siku saba za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na kifo kinaripotiwa ndani ya saa 24. Gharama za matibabu ni za mwajiri. Mtu asiyeweza kufanya kazi kwa muda huendelea kulipwa kwa kipindi kisichozidi miezi 12. Ulemavu wa kudumu hukadiriwa na daktari kwa asilimia, na hesabu ya fidia huanzia mapato ya miezi 96. Kwa mfano, mtu aliyekuwa akipata shilingi 20,000 kwa mwezi na akapewa ulemavu wa asilimia 10 anastahili shilingi 192,000. Akifariki, wategemezi wake hulipwa mapato ya miezi 96, ambayo kwa mtu huyo ni shilingi 1,920,000.

Dai linapaswa kufikishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Mahakama ya Juu ilithibitisha mwezi Desemba 2019 kwamba madai haya yanaanzia kwa Mkurugenzi, si mahakamani. Wapo waliokubali elfu tano za kununua dawa na nauli ya kurudi nyumbani, wakatia kidole kwenye karatasi wasiyoisoma. Kabla ya kutia saini au kidole popote, mwonyeshe Afisa wa Kazi au mwakilishi wa chama. Sekta hii ina chama chake cha wafanyakazi wa ujenzi, mbao na samani, na kibarua hazuiwi kujiunga.

Pa kuanzia

Weka kumbukumbu kuanzia siku ya kwanza. Daftari la shilingi ishirini lenye tarehe, kazi uliyofanya na ulicholipwa limewahi kumaliza mabishano mengi. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, piga picha bango la mradi, andika majina ya wenzako wawili watatu mliofanya kazi pamoja.

Deni likitokea, andika barua kwa mkandarasi na uache nakala kwa injinia msimamizi na kwa ofisi ya wadi. Nakala hiyo haiifanyi kaunti kuwa mwajiri wako, lakini inaingia kwenye faili la mradi, na faili hilo ndilo husomwa mkandarasi anapoomba kazi nyingine. Kisha nenda ofisi ya leba. Afisa wa Kazi anaweza kumwita mwajiri, kukagua madaftari yake na kusuluhisha. Ikishindikana, kesi hupelekwa mahakamani. Dai la ajira lina muda wa miaka mitatu kwa jumla, na kusubiri mkandarasi arudi na mradi mwingine kumewafungia wengi mlango.

Mkazi ambaye si mfanyakazi naye ana nafasi. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba taarifa za mradi: nani alishinda zabuni, kwa bei gani, na mkataba una masharti gani ya leba. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza na kuwasilishwa kwa kaunti. Jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ukinyimwa, unaweza kukata rufaa kwa Tume ya Haki za Utawala.

Fomu za kuripoti ajali na za madai ya mshahara hazilipiwi. Anayekuuliza pesa ya fomu, muulize jina lake na ofisi anayotoka, uyaandike kwenye lile daftari.